Mjadala: Athari za nyumba mpya juu ya ghuba ya Mikindani zipimwe msimu gani?

Ndugu wachangiaji, naomba tulijadili pendekezo la kujenga mtaa mpya wa nyumba kwenye mteremko unaotazama ghuba ya Mikindani, ambalo wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza katika mkutano wa mtaa. Wanaoliunga mkono wanasema Mtwara inahitaji nyumba zilizopangwa, na wanaolipinga wanasema barabara itajaa na mikoko itakufa. Mimi sipingi nyumba. Ninachohoji ni kwamba hesabu ya magari na ukaguzi wa mkondo wa maji, ambavyo ndivyo vilivyotumika kusema athari ni ndogo, vyote vilifanyika mwezi Julai.

Mkazi yeyote wa kusini anaujua mwezi huo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinazoanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha kati ya Aprili na Mei, na minada ya korosho kwa kawaida hufunguliwa Oktoba. Julai, basi, mteremko ni mkavu na malori ya korosho bado hayajaanza safari za bandarini. Njooni muihesabu barabara hiyo Novemba, wakati malori ya korosho yanafuatana na yale ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma, bajaji na bodaboda zinapenya katikati yake, na watoto wa shule wanasubiri ukingoni wapate nafasi ya kuvuka. Inapopita Mikindani, barabara kuu ya Lindi imebanwa na bahari upande mmoja na nyumba za kale upande wa pili, kwa hiyo hata anayetaka kuipanua atalazimika kwanza kuchagua kati ya kufukia ufuko na kubomoa mji wa kihistoria. Mtaa mpya ukifungua njia yake ya kutokea papo hapo, kila anayekwenda kazini asubuhi atajiunga na foleni hiyo, kwa kuwa njia nyingine ya maana hana.

Suala la maji linanisumbua zaidi. Udongo wa mteremko ule ni wa kichanga, nao ukiondolewa vichaka na mikorosho mvua kubwa huuteremsha wote, ukavuka lami na kuingia kwenye mikoko. Anayetaka kuona madhara yake autazame mchu, mojawapo ya aina za mikoko: mizizi yake huchomoza juu ya tope kama vijiti ili ipate hewa, na ikifukiwa na mchanga mti huanza kukauka bila mtu kuugusa kwa shoka. Kina mama wanaookota kombe maji yakipwa wataligundua hilo mapema kuliko mtaalamu yeyote. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na mwendelezaji, yaani mwenye mradi huu, anasema, kwa haki kabisa, kwamba yeye yuko mbali na mpaka huo. Tope, hata hivyo, halitasimama kwenye mita ya 60.

*Jibu la mchangiaji wa kwanza*

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini, lakini naona unasahau kwamba mteremko huo hautabaki mtupu ukisubiri vipimo vyako. Viwanja vinauzwa kila siku kwa karatasi za kuandikiana, watu wanajenga bila mfereji wala njia ya gari la kunyonya majitaka, na hao hakuna anayewadai tathmini. Mradi uliopangwa angalau una ramani, una mtu wa kushtakiwa. Isitoshe, wengi wanaopinga tayari wana nyumba zao. Kijana aliyepanga chumba kimoja Magomeni ya hapa Mtwara hakualikwa kwenye mkutano wenu.

*Mleta mada anajibu*

Ndugu yangu, hoja ya ujenzi holela ni nzito na sina jibu lake kamili. Ni kweli pia kwamba wapangaji hawakuwepo, na mkutano ujao uitishwe jioni ili nao wafike. Hata hivyo, ramani haizuii maji. Kuhesabu magari Novemba na kuukagua mteremko baada ya mvua za Machi ni kazi ya msimu mmoja, ilhali nyumba zitakaa miaka hamsini. Kuna jambo jingine ambalo mkutano ulilipita haraka mno: mradi umegawanywa katika awamu, na kila awamu inaombewa kibali peke yake, hivyo kila moja itaonekana ndogo kwenye karatasi hata kama zote kwa pamoja ni mtaa mzima. Athari zipimwe kwa mradi wote kwa mara moja. Kama mwendelezaji ana haraka, aanze na mfereji mkuu na bwawa la kutulizia mchanga kabla ya kusafisha kiwanja cha kwanza, kisha halmashauri, TANROADS wanaosimamia barabara kuu na TARURA wanaosimamia barabara za mitaa waeleze kwa maandishi ni nani atakayekuwa akizoa mchanga huo kila mwaka, na kwa fungu lipi. Swali hilo niliuliza mkutanoni, na hadi sasa hakuna aliyelijibu.