Urafiki wa bweni katika riwaya za kale za Kiingereza: wa kweli au mahubiri?

Mama Vitabu: Mwaka 1749 Sarah Fielding aliandika riwaya, The Governess, juu ya shule ya bweni ya Bi Teachum, wasichana 9. Wanagombea tufaha moja kubwa. Jenny Peace, mkubwa wao, analirusha nje ya ua yaishe, na hapo ndipo wanaponyofoana nywele. Baadaye kila mmoja anasimulia maisha yake, anakiri kasoro zake, wanapendana. Huo ni urafiki, au ni kuwafunda wawe wake watiifu?

Chui wa Kisauni: Wanawake tisa nyumba moja, ulitegemea nini? Majungu tu.

Binti Tanga: Wanawake gani, kaka? Huyo mkubwa wao ana miaka 14! Kasome riwaya ya Tom Brown (1857), wavulana wa shule ya Rugby wanambanika mwenzao mbele ya moto. Hayo nayo tuyaite majungu?

Chui wa Kisauni: Utani tu, dada, mbona povu? Ila Becky Sharp, yule wa riwaya ya Thackeray, Vanity Fair, je? Anaaga shule kwa kuvurumisha kamusi ya Johnson nje ya gari la farasi. Rafiki huyo?

Binti Tanga: Kwani alimtupia Amelia, rafiki yake wa shuleni? Aliirudisha kwao walioitoa, watu wa shule. Na mwishoni kabisa ni Becky huyohuyo anayemwonyesha Amelia barua ya marehemu mumewe ya kumtongoza Becky, ajue alikuwa akimlilia mtu wa namna gani.

Mzee Kobe: Mmemsahau Jane Eyre wa Charlotte Brontë, 1847. Shuleni kwao uji umeungua, hauliki, na yule rafiki yake Helen akafa kwa taifasi.

Mama Vitabu: Kifua kikuu, mzee. Taifasi iliua wengine. Dada wawili wa Charlotte Brontë mwenyewe walikufa 1825, waliugulia shule ya bweni.

Mzee Kobe: Kufa ni kufa. Mimi nazungumzia uji.

Chui wa Kisauni: Uji ulioungua tumekunywa bweni miaka yote, na hakuna aliyetuandikia riwaya 😂

Mama Vitabu: Jamani, turudi kwenye mada. Helen anafungwa kadibodi kwenye paji la uso, imeandikwa “mchafu”. Anaivaa mpaka jioni, kimya. Mwalimu akishatoka tu, Jane anaibandua na kuitia motoni. Jenny Peace angemshauri avumilie. Miaka mia moja hivi imepita kati ya vitabu hivyo viwili, na urafiki umeanza kukataa amri.

Mzee Kobe: Ila siku ile ya uji, Bi Temple, mkuu wa shule, aliwaagizia mkate na jibini.

Chui wa Kisauni: Jibini! Basi wanalalamikia nini?

Binti Tanga: Huyu mtu nani kamleta?