Naomba ushauri: pesa za Inua Jamii kwa mtoto mwenye ulemavu mkubwa, Ahero

Habari zenu wapendwa. Niko Ahero, Kaunti ya Kisumu, namlea mtoto wa marehemu dada yangu. Ana miaka 14 na mtindio wa ubongo: hatembei, hali bila kulishwa, na usiku lazima ageuzwe. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu anayo, na ripoti ya madaktari wa hospitali ya kaunti iko.

Shida ni ile shilingi 2,000 ya kila mwezi ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza. Maafisa wa usajili walipokuja kuhoji boma, waliandika kwamba humu ndani kuna mtu wa mshahara, basi mtoto akaachwa nje. Huyo ni shemeji yangu, mlinzi Nakuru. Nyumba yake iko bomani kweli, lakini jiko letu si moja na hatumi kitu. (Nepi za mwezi mmoja peke yake zinakula zaidi ya hiyo elfu mbili, lakini nani atakataa?) Nimeongea na naibu wa chifu, akasema ningoje usajili mwingine. Lini, hakusema.

Wenye uzoefu, nisaidieni: je, ndugu anayeishi mbali na kupika kivyake anahesabiwa kuwa wa kaya yangu? Na malalamiko ya kukaguliwa upya nipeleke kwa maandishi ofisi gani, ya huduma za jamii kwenye kaunti ndogo au kwa chifu? Kama kuna barua ya kuthibitisha kwamba kaya ni mbili, niambieni inaandikwa na nani.