Wana wa Kibosho: tendo la kwanza

*20 Januari*

Mimi (Tromsø, Norwe): Shikamoo mama, shikamooni wakubwa wote. Niko zamu ya usiku, huku saa tisa najua huko saa kumi na moja mama keshaamka. Naomba mniombee jamani. Siumwi, kazi ipo, ila wiki ya tatu hii nashika rozari nafika tendo la kwanza kati ya yale matano naishia hapo, maneno yanakauka

Mama: Marahaba mwanangu. Ndo nafunga kanga niende misa ya asubuhi. Nini kinakusumbua

Mimi: Giza mama. Tangu mwisho wa Novemba sijaliona jua. Mchana inakuja bluu fulani hivi masaa machache, theluji nayo bluu, halafu giza tena. Sie nyumbani tunahesabu saa kwa jua, likipanda kidogo ndo saa moja, sasa mie huku nikisema saa moja asubuhi najiuliza asubuhi ipi

Kaka Dar: Sa dada halichomozi kabisaa au ni mawingu?

Mimi: Lilikuwa halichomozi kabisa, dunia imeinama na kipindi hiki huku kaskazini tunakuwa tumelipa jua mgongo. Kuanzia kama tarehe 15 limerudi ila mji umezungukwa na milima linapita kwa nyuma, wenyeji wanasema kesho tarehe 21 ndo litaonekana, wana hadi maandazi yao kabisa ya siku hiyo, wanayaita solboller

Mama: Kumbe sasa hivi ni milima tu. Mwanangu masika Kibo inajifunika hata wiki nzima, umewahi kusikia mtu Moshi anasema imehama?

Mimi: 😭 Hapana mama

Shangazi: Tumsifu Yesu Kristu. Nimesoma yote. Misa unaenda lkn?

Mimi: Milele amina shangazi, shikamoo. Jumapili nilienda kwa Masista Wakarmeli, wako hapa mjini tangu 1990, nikakaa benchi la nyuma nikawasikiliza wakiimba. Sikuimba hata neno

Shangazi: Marahaba. Si ndo kusali kwenyewe huko

Mimi: Halafu kuna bibi mmoja namhudumia hapa kazini, kavuka tisini, nikiwa zamu ya mchana ikifika saa sita anataka nimsogeze na kiti chake dirishani, anaweka kiganja kwenye kioo kioo chenyewe barafu, anaangalia mlima uleule. Haoni kitu. Ananiambia "bado kidogo" anarudi kwenye kahawa yake. Nilikuwa namwonea huruma jamani, sasa nahisi yeye ndo ananionea mimi

Shangazi: Huyo ni Ana wa hekaluni!! Luka 2, mjane wa miaka 84. Tarehe 2 Februari si ndo Kutolewa Bwana Hekaluni tunabariki mishumaa, wewe angalia, Ana na mzee Simeoni wamezeeka wanangoja, na hakuna palipoandikwa kwamba kila siku waliamka na furaha. Walikuwa wanaenda tu. Sa wewe ukiishia tendo la kwanza tuachie sisi tumalizie, ni rozari moja hiyohiyo

*21 Januari*

Mimi: LIMETOKA 😭😭 Zamu imeisha asubuhi nikakataa kwenda kulala nikabaki na bibi. Limechungulia kwenye bonde kati ya milima dakika chache tu, kiganja chake kwenye kioo kikawa cha dhahabu, mishipa yote inaonekana, akanivuta na mkono wangu akauweka pale pembeni ya wake. Kioo bado baridi vilevile. Hakusema kitu mama na mie sikusema, tumekula andazi moja nusu kwa nusu jamu imemwagikia kwenye blanketi lake

Kaka Dar: 🙌🙌 piga picha

Mimi: Nilisahau simu kwenye koti

Mama: Asante Yesu. Nenda ukalale sasa. Usiku saa tisa yako anza tendo la kwanza, la pili langu

Kaka Dar: La tatu mie, nitaweka alamu

Shangazi: La nne niachieni. La tano tumwombee bibi wa dirishani