Kikundi cha familia, Katuba, Lubumbashi: Papa na ile programu

Mama Chantal, 18:42
Nimekuta vidonge vya Papa havijaguswa tangu juzi, viko karibu na redio. Na miguu imevimba. Nimebonyeza kidole, shimo likabaki.

Papa, 18:50
Usimgombeze mutu. Héritier aliingiza vipimo vyangu kwenye programu ya simu, ile ya kukisia kama mugonjwa wa moyo atakufa, ikasema "hatari kubwa". Kama mashini imeshaona nakwenda, ile pesa ya dawa mulipie watoto masomo.

Héritier, 18:51
Kambo, babu yangu, unisamehe. Nilidhani nakusaidia. Niliandika tu miaka 66, nguvu ya moyo ya kusukuma damu asilimia 30, na kipimo cha figo, kreatinini, 1.9.

Yaya Mado, 19:15
Nimetoka zamu sasa hivi. Papa, jambo. Héritier, hiyo programu ilifundishwa kwa wagonjwa gani?

Héritier, 19:17
299, wa Faisalabad kule Pakistani, mwaka 2015. Wote moyo wao ulikuwa umeshalegea. 96 walikufa katika muda waliofuatiliwa, na aliyefuatiliwa zaidi ni siku 285.

Yaya Mado, 19:24
Basi Papa, sikia. Inakuweka fungu moja na wale waliofanana nawe kwa namba. Wewe mwenyewe haikujui. Kati ya vitu ilivyouliza hakuna dawa. Héritier hakuiandikia kama unameza furosemidi, ile dawa ya kutoa maji mwilini, au unaiacha juu ya kabati. Bitoyo, ile samaki ya chumvi unayokula na bukari yako ya unga kila jioni, na ile chumvi yote, nayo haiioni.

Papa, 19:29
Lakini namba si ni zangu?

Yaya Mado, 19:38
Ni zako, na hazisemi uongo. Mwaka 2020 watafiti Davide Chicco na Giuseppe Jurman walichambua wagonjwa walewale, wakaona namba mbili zinatosha kukisia: nguvu ya moyo na kreatinini. Kreatinini ni taka ambayo figo zinachuja. Moyo ukisukuma damu kidogo, figo nazo zinachoka, taka inabaki ndani ya damu. Kwangu hiyo ndiyo faida ya mashini: imetuonyesha pa kutazama. Munganga wa hospitali atapima figo tena, aone kama dozi ibadilike. Kuacha dawa ndiko kunakoniogopesha, Papa, kuliko ile programu.

Héritier, 19:44
Kuna utafiti mwingine wa wagonjwa 1,006 wa moyo katika nchi 9 za Afrika. Wastani wa umri wao ni miaka 52 tu, na chanzo kikubwa ni presha. Kongo haikuwamo. Na hii mashini yetu haikufundishwa kwa namba za watu kama sisi, Kambo. Inaniuma.

Mama Chantal, 19:47
Papa, kesho saa mbili asubuhi tunaenda kwa munganga. Nitakuja na teksi.

Yaya Mado, 19:49
Na kila asubuhi ajipime uzito, atuandikie hapa. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, ni maji hayo, munipigie hata usiku.

Papa, 06:12
71.4. Nimepima kabla ya chai. Dawa nimemeza. Chantal, bitoyo niliyoficha iko nyuma ya ndoo, uitoe.