Mjadala: Wahitimu waachiwe wapendekeze maprofesa wa kuwahutubia, au idara ndizo zitoe majina?

MpangaRatiba
Wadau, salamu. Mnajua mihadhara ya umma kwa wahitimu inavyopangwa: idara inaombwa jina, na jina linalokuja ni la mwenye cheo au la ambaye zamu yake imefika. Ukumbi unajaa robo, na ile robo yenyewe inatazama saa. Pendekezo lililo mezani ni kuwatumia wahitimu fomu fupi yenye swali moja: "Taja profesa aliyekuvutia darasani." Wanne wenye kura nyingi wanakaribishwa, kila mmoja dakika 45 za kuzungumza na 20 za maswali. Je, wahitimu waachiwe wachague, au idara ziendelee? Naomba hoja, si kejeli.

MzeeChaki
Unaomba tusikejeli halafu unaandika "aliyekuvutia". Sumaku ndiyo inayovutia. Profesa anafundisha. Kuna jaribio moja maarufu, nadhani lilifanyika Harvard miaka ya sitini: walimvika mwigizaji jina la udaktari, akapanda jukwaani akamwaga upuuzi saa nzima, na wasomi wakasifu. Huyo ndiye mtakayempigia kura. Mkitaka vichekesho, semeni vichekesho.

BiFaharasa
Mzee Chaki, shikamoo. Kisa ni cha kweli ila umekichanganya. Mhadhara ule ulitolewa mwaka 1970, watafiti walikuwa wa University of Southern California, na makala ikachapishwa 1973. Mwigizaji alitambulishwa kama Dr. Myron L. Fox, mtaalamu wa kutumia hesabu kueleza tabia za watu, na mada yake ilikuwa nadharia ya michezo, yaani hesabu za maamuzi ya washindani, katika elimu ya madaktari. Harvard ni habari nyingine, ya 2019, ya wanafunzi wa fizikia: waliosikiliza mhadhara uliopigwa msasa walihisi wamejifunza zaidi kuliko wenzao waliokuwa wakihangaika na maswali kwa vikundi, lakini mtihani ulionyesha kinyume.

Sasa angalia waliodanganywa na Fox ni kina nani: madaktari wa akili, wanasaikolojia, wakufunzi wa ustawi wa jamii. Wenye shahada zao. Kwa hiyo kurudisha uchaguzi kwa idara si kinga.

Kinachoharibu ni swali lenyewe. Ukiuliza "nani alikuvutia" unaletewa hisia. Ulizeni vitu vinne. Kwanza, jina, kozi, na mwaka uliofundishwa naye. Pili, mara ya mwisho kumsikia akizungumza ilikuwa lini. Tatu, andika kwa sentensi mbili jambo moja alilolieleza, ambalo leo unaweza kumweleza mtu asiyesoma fani hiyo. Nne, umewahi kumsikia mbele ya watu wasio wanafunzi wake? Hilo la tatu ndilo chekecheke. Mtu akiandika "alikuwa mcheshi sana, alitujali", anakumbuka raha ya ujana. Akiandika "alitueleza kwa nini daraja linahitaji nafasi ya kutanuka", huyo profesa mfuateni.

MzeeChaki
Marahaba. Kumbe hata wewe unakubali wasomi wanadanganyika. Basi nilikuwa sahihi.

KitiChaNyuma
Mnazunguka. Darasani mwanafunzi anakaa kwa sababu kuna mtihani na karatasi ya mahudhurio. Kwenye mhadhara wa umma mlango uko wazi. Profesa aliyezoea kusikilizwa na watu wasioweza kutoka hajui kama anasikilizwa au anavumiliwa. Kabla ya kumwalika, mtu aende akakae dakika ishirini katikati ya kipindi chake, si mwanzoni, maana mwanzoni kila mtu ni hodari. Hesabuni vichwa vinavyoinamia simu.

Halafu, kwa heshima zote, profesa wa kweli hahitaji maiki. Mwenye sauti anajaza ukumbi mwenyewe. Hawa wa kuhangaika na waya dakika tano ndio wanaotumaliza.

FundiSauti
KitiChaNyuma, jina lako na ulichoandika havijawahi kukutana.

Aliyehitimu miaka arobaini iliyopita leo ana zaidi ya sitini. Masikio ya uzeeni hayafi yote kwa pamoja. Yanaanza kupoteza sauti za juu, na humo ndimo zinamoishi s, f, sh, t na p. Irabu zinabaki. Kwa hiyo mtu anasikia kwamba kuna anayeongea, lakini "fika", "shika" na "pika" kwake ni neno moja. Profesa akipaza sauti anaongeza nini? Irabu. Konsonanti hazipandi kwa kiasi hicho. Anazidi kupiga kelele na mzee wa watu anazidi kutoelewa. Na mwenye kifaa cha masikio kilichounganishwa na mfumo wa ukumbi hapokei chochote ambacho hakijapita kwenye maiki. Rekodi kadhalika.

Zile dakika tano za waya ni uzembe wa mpangaji, msimsingizie mzungumzaji. Maiki ya kubana inawekwa katikati ya kifua, shibiri moja chini ya kidevu. Ukiibana kwenye kola ya kushoto, akigeuka kulia kutazama slaidi sauti inakwenda naye. Vua kitambulisho cha shingoni na mkufu, vinagonga. Betri mpya kila tukio, hata kama ya jana inaonyesha nusu. Swichi ya kisanduku cha maiki anachovaa mzungumzaji iache imewashwa muda wote, anayezima na kuwasha ni fundi mezani. Ukimwachia profesa ataizima alipokwenda msalani na kuisahau, au hataizima, na hapo ndipo pabaya zaidi. Spika ziwe mbele ya mzungumzaji, si nyuma yake, la sivyo maiki itanasa sauti ya spika na mfumo utapiga mluzi. Yote haya yanafanyika nusu saa kabla watu hawajaingia.

KitiChaNyuma
Risala ndefu kwa sentensi moja niliyoandika. Nilisema ukumbi, sikusema uwanja wa mpira.

FundiSauti
Ukumbi wa watu sitini wenye mazulia na mapazia unameza sauti kuliko unavyodhani. Na usiniulize "wa nyuma mnasikia?" Asiyesikia hawezi kujibu swali asilolisikia.

MzeeChaki
Hapo kwenye maiki niko na KitiChaNyuma. Mwanasayansi Michael Faraday alihutubia umma pale Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, na mihadhara ya Krismasi ya pale ilianza 1825. Alitumia maiki gani? Umeme wenyewe ndio kwanza alikuwa anautafuta.

BiFaharasa
Mzee wangu, Faraday ni shahidi wangu, si wako. Ukumbi ule umejengwa kwa ngazi kali zinazomzunguka mzungumzaji, hata wa mwisho yuko karibu. Naye hakutegemea kipaji. Alichukua masomo ya kuzungumza kwa mwalimu Benjamin Smart, na mbele yake aliweka kadi iliyoandikwa "Polepole". Akijisahau akaanza kukimbia, msaidizi wake Anderson alikuwa na amri ya kumsogezea kadi ile. Saa ikikaribia kwisha, ilikuja nyingine ya "Muda". Ni wangapi kati ya maprofesa wetu wanakubali kuletewa kadi?

MzeeChaki
Mimi nakubali kadi. Sikubali fomu ya sumaku.

MpangaRatiba
Jamani, mada. Wahitimu au idara?

MhadhiriChini
Naona mnagawana nyama ng'ombe hajakubali kuchinjwa. Hakuna aliyeuliza kama huyo anayependekezwa anataka. Kupandishwa cheo kunategemea machapisho kwanza, na mhadhara wa umma unaangukia "huduma kwa jamii", safu nyembamba kuliko zote kwenye fomu. Wakati huohuo mwenye sifa ya kuongea vizuri anaombwa na kila mtu, akina dada zaidi, kwa sababu kila kamati inataka mwanamke mmoja kwenye bango. Kura zenu zitamrundikia mzigo mtu yuleyule aliyelemewa.

Tena msifikiri anachukua slaidi za darasani na kuja nazo. Mhadhara wa darasani ni wa nne katika mlolongo wa kumi na nne: unaegemea wa tatu na kumwachia kazi wa tano. Wa umma unasimama peke yake, hauna jana wala kesho. Kuukata hadi swali moja, mifano mitatu na picha zisizozidi ishirini ni kazi ya siku kadhaa. Ndiyo maana barua ipelekwe miezi mitatu au minne mbele, iseme wazi: tarehe, dakika ngapi, watu wangapi na wa umri gani, itarekodiwa au la, nauli juu ya nani, posho ipo au haipo. Kuhusu rekodi, ridhaa iwe ya maandishi, maana profesa akijua kuna kamera ataficha matokeo ambayo hajachapisha, na hayo ndiyo yenye utamu.

Na iseme kama mchango utaombwa baadaye. Mtu anamaliza kueleza nyota zinavyokufa, makofi hayajatulia, kapu la harambee linapita. Kumbe alikuwa chambo.

KaraniMstaafu
Chambo ni neno zito, kijana. Ofisi za wahitimu zinaendeshwa na nini kama si michango? Hata hiyo maiki inanunuliwa.

MhadhiriChini
Sijapinga michango, mzee, shikamoo. Napinga kushtukizwa. Iombeni wiki mbili baadaye, kwenye barua ya shukrani yenye kiungo cha rekodi. Aliyefurahi hasahau kwa wiki mbili.

KaraniMstaafu
Anasahau kwa siku mbili. Mchango unaombwa moto ungali moto.

MzeeChaki
Zamani tulihutubia bure, bila posho wala barua ya miezi minne. Vijana wa leo mnadai malipo hata kwa salamu.

MhadhiriChini
Nimeandika "ipo au haipo", mzee. Hata "haipo" ni jibu, ilimradi liandikwe. Soma tena.

MzeeChaki
Nimesoma. Miwani ninayo.

BiFaharasa
Kabla hamjafika mahakamani, niongeze hili kwa mleta mada. Kura nyingi zitaangukia maprofesa wa wakati wa wahitimu wenyewe, na wengi watakuwa wamestaafu. Hilo si kosa, wastaafu wana muda. Lakini jibu la swali la pili likiwa miaka ishirini iliyopita, apigiwe simu kwanza, muongee robo saa. Mwombe akwambie kwa mdomo, bila kuandika, mhadhara wake unajibu swali gani. Akikupa kichwa chenye nukta mbili katikati na neno "tafakuri", bado hajajua. Akikupa swali ambalo ungependa kujua jibu lake, weka tarehe. Idara ziulizwe mwishoni, jambo moja tu: je, anachosema bado kinasimama katika fani yake? Hapo ndipo zinapojua kuliko sisi. Wahitimu walete majina, idara zichuje uzushi.

KitiChaNyuma
Kwa hiyo mhitimu anapendekeza, halafu idara inakata. Tumerudi palepale.

BiFaharasa
Idara inakata kwa sababu iliyoandikwa, ndani ya siku saba. Ikinyamaza, jina limepita.

KaraniMstaafu
Hizo siku saba ndizo kwanza barua inahama kutoka meza ya kwanza kwenda ya pili.

MpangaRatiba
Nashukuru, hili la siku saba nimelichukua, ila naliweka kumi. Sasa nisaidieni lingine, maana linasumbua kila mara: wakati wa maswali, maiki apewe muulizaji au ishikwe na mhudumu?

FundiSauti
Ishikwe na mhudumu, asiiachie. Maiki mbili, wahudumu wawili, mmoja kila upande wa ukumbi. Mmoja akiwa kwa anayeuliza, mwenzake tayari yuko kwa anayefuata. Anzeni na waliokaa nyuma, maana wa mbele ndio hudakwa na macho ya mwenyekiti siku zote. Mhudumu anaisogeza mdomoni, upana wa kiganja. Ukimkabidhi muulizaji, ataishusha kifuani kama tochi, au atatoa wasifu wake tangu siku aliyojiunga na chuo. Swali likipita nusu dakika, mwenyekiti anasema "na swali lako ni?", mkono wa maiki unaanza kurudi taratibu. Hilo mwenyekiti na mhudumu wakubaliane kabla. Na mwenyekiti arudie swali kwa ufupi kabla ya jibu, kwa ajili ya rekodi, na pia kumpa profesa pumzi ya kufikiri.

KitiChaNyuma
Kumbe hata swali moja linataka mitambo. Swali lenye maana litasikika lenyewe.

FundiSauti
Rudia, sikusikia.

KaraniMstaafu
Vikaratasi vya maswali vilikuwa na ubaya gani? Unakusanya, unachambua, mawili yanayofanana unayaunganisha, na hakuna wa kutoa hotuba.

MhadhiriChini
Ubaya ni kwamba mchambuaji huwa anafanya kazi kwa mwenye hafla, na swali gumu linabaki chini ya rundo.

KaraniMstaafu
Unanituhumu?

MhadhiriChini
Naituhumu karatasi, mzee.

MpangaRatiba
Basi. Fomu itakuwa na vipengele vinne vya BiFaharasa, barua itakuwa na mambo ya MhadhiriChini, idara siku kumi. FundiSauti, nahitaji hesabu ya betri kwa mihadhara minne, maiki mbili za maswali na moja ya kubana.

FundiSauti
Nyingi hula mbili kila moja, kwa hiyo sita kwa tukio, na sita za akiba. Minne: arobaini na nane. Na nunua maiki ya pili ya kubana, ya kwanza huharibika siku ya mgeni rasmi.

MzeeChaki
Na lile neno "aliyekuvutia", mmelitoa?

MpangaRatiba
Liko kwenye kichwa cha fomu, mzee. Fomu imeshapigwa chapa.