Ushauri: Filamu za ngano zenye giza kwa mpwa wangu wa miaka 11

Mjomba wa Tabora
Ndugu wanajukwaa, habari za leo.

Ninaomba ushauri kwa wanaozifahamu vizuri filamu za ngano zenye giza, zile za misitu, mizimu na milango ya siri, ambamo uzuri na hofu huenda pamoja. Ninaishi na mpwa wangu wa kike mwenye umri wa miaka 11, kwa kuwa mama yake anafanya kazi mkoa mwingine, na wakati wa likizo tuna kawaida ya kutazama filamu Jumamosi jioni. Amekulia katika hadithi za bibi yake, hasa ile ya msichana aliyerudi ufukweni peke yake kuchukua simbi lake, yaani gamba zuri la baharini, zimwi likamkamata na kumtia ndani ya ngoma ili aimbe kijiji hadi kijiji. Kila akiisikia huomba irudiwe. Katuni za kuchekesha zimemchosha. Ameona tangazo la Pan's Labyrinth, lenye msichana mdogo amesimama mbele ya mti mkubwa, na sasa hanipi nafasi ya kupumua. Mimi mwenyewe sijaitazama. Je, inamfaa? Kama haimfai, nianze na ipi?

Mkereketwa wa Sinema
Ndugu yangu, ninaipenda mno filamu hiyo, na kwa sababu hiyohiyo ninakusihi usimwoneshe kwa sasa. Mhusika mkuu, Ofelia, ni msichana wa rika lake, lakini Guillermo del Toro aliitengeneza mwaka 2006 kwa ajili ya watu wazima, na nchini Uingereza ilipangiwa watazamaji wa kuanzia miaka 15. Kisa kinatokea Hispania mwaka 1944, miaka mitano baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha, na baba wa kambo wa Ofelia ni kapteni wa utawala wa dikteta Franco anayewasaka waasi milimani.

Wengi hudhani kitakachomtisha mtoto ni lile dubwana jeupe lisilo na macho usoni, linaloketi kimya mbele ya meza iliyosheheni vyakula huku macho yake yakiwa kwenye sahani, na ambalo huyapachika viganjani Ofelia anapokula zabibu mbili alizokatazwa. Hilo linatisha kwa namna ambayo mtoto aliyelelewa na hadithi za mazimwi anaielewa: alionywa, akala, ikambidi akimbie. Kisichomfaa ni yule kapteni, ambaye anamponda uso kijana mkulima kwa chupa mbele ya baba yake, anawaua wote wawili, kisha anawakuta na sungura waliyekuwa wakisema wamemwinda, na wala hashtuki. Pale hakuna onyo ambalo mtu angelitii akasalimika. Itazame wewe sasa. Yeye asubiri miaka kadhaa.

Unapoitafuta, usiichanganye na Labyrinth ya Jim Henson ya mwaka 1986, yenye vikaragosi na David Bowie akiwa mfalme wa vibwengo. Hiyo mnaweza kuitazama pamoja bila wasiwasi.

Mwalimu wa Darasa la Sita
Ninaunga mkono. Aanze na Spirited Away, filamu ya katuni ya Kijapani ya Hayao Miyazaki, ya mwaka 2001. Chihiro ana miaka 10. Wazazi wake wanakula chakula kisicho chao katika mji mtupu na kugeuka nguruwe, naye analazimika kufanya kazi katika nyumba ya kuogea mizimu, ambako mchawi Yubaba anampokonya jina. Ninachokipenda ni kwamba hakuna anayemwokoa kwa upanga. Anasugua sakafu, anawajibika, na kuna siku anamhudumia mgeni mzito aliyejaa tope na uvundo, anahisi kuna kitu kimemchoma mgeni huyo ubavuni, wanakivuta kwa kamba, na kumbe ni baiskeli. Ikitoka, takataka zote za mtoni zinafuata, na mgeni yule anaonekana kuwa roho ya mto. Mpwa wako atalifurahia jambo hilo kwa muda mrefu.

Binti Pemba
Mjomba, wako watakaokushauri uanze na Coraline ya Henry Selick (2009), kwa kuwa Marekani na Uingereza zote ziliipa kiwango kilekile cha watazamaji kama Spirited Away. Mimi ningeichelewesha. Ni kazi ya ajabu, maana kila mwanasesere alisogezwa kidogo kidogo kwa mkono na kupigwa picha, lakini adui ana sura ya mama: mtoto anapita mlango wa siri na kumkuta mama wa pili upande wa pili. Yule mama wa pili anapika vizuri na anamsikiliza mtoto kuliko mama wa kweli, kisha anamsogezea kisanduku chenye vifungo viwili vyeusi, sindano na uzi, ili ashonwe machoni. Mtoto anayeishi mbali na mama yake anaweza kuipokea tofauti na wenzake. Mtazameni mama yake akiwa amekuja likizo.

Jambo jingine: epuka nakala zilizosimuliwa na madijei. Katika filamu hizi ukimya hufanya nusu ya kazi, na msimuliaji huufunika wote.

Mjomba wa Tabora
Ninawashukuru sana. Nimezungumza na dada yangu kwa simu, naye ana shaka kuhusu mizimu na uchawi katika hiyo ya Kijapani. Nimweleze nini?

Mwalimu wa Darasa la Sita
Usimbishie, kwani ni haki yake kama mzazi. Mwombe aitazame mwenyewe kwanza. Ataona kwamba uchawi wa Yubaba umeshikamana na tamaa ya dhahabu, na kwamba Chihiro anakataa dhahabu anayopewa bure huku wafanyakazi wenzake wakiigombania. Kama bado hataridhika, chukueni ile ya Henson.

Mjomba wa Tabora
Amekubali kuitazama Alhamisi. Pan's Labyrinth nitaitazama peke yangu, mtoto akishalala.