Kwa nini ndani ya dunia hapajapoa hadi leo?

Mdadisi:
Tulifundishwa kwamba kitu cha moto hupoteza joto lake mpaka kilingane na mazingira yake. Dunia ina umri wa takriban miaka bilioni 4.5, nayo imezungukwa na anga-nje lenye baridi kali. Mbona basi halijoto ya ardhini bado hupanda kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi za selsiasi kwa kila kilomita mtu anayoshuka?

Mwambagumu:
Jambo hilo lilimshughulisha mwanafizikia Lord Kelvin, ambaye mwaka 1862 aliichukulia dunia kuwa tufe gumu linalopoa kwa mpitisho peke yake, yaani joto kupenya ndani ya kitu bila kitu chenyewe kusogea, akakadiria umri wake kuwa kati ya miaka milioni 20 na milioni 400. Hakuwa na habari ya unururifu, yaani kuvunjika kwa atomi zenyewe na kutoa mnururisho, uliogunduliwa na mwanafizikia Becquerel mwaka 1896. Atomi za urani, thoriamu na potasiamu zilizomo miambani huvunjika polepole na kutoa joto, ambalo ni karibu nusu ya joto lote linalotoka ardhini.

Pimajoto:
Naomba kumrekebisha kidogo mwenzangu, maana maelezo hayo yamezoeleka mno. Hata ukiingiza unururifu katika hesabu ya Kelvin, jibu halibadiliki sana, kwa sababu mwamba hupitisha joto kwa uzito wa ajabu: kilomita moja huchukua makumi ya maelfu ya miaka, na umbali ukizidi mara kumi, muda huzidi mara mia. Joto la vilindini lisingewahi kufika juu. Kasoro ya hesabu ya Kelvin ilibainishwa na John Perry, aliyepata kuwa msaidizi wa Kelvin, mwaka 1895, yaani kabla ya unururifu kujulikana: huko ndani joto linaweza kusafiri kwa wepesi zaidi, kwa mfano kwa myuko, yaani kitu chenye joto kupanda nalo na kilichopoa kushuka. Leo tunajua kwamba miamba iliyo kati ya ganda na kiini, ingawa ni yabisi, hutambaa sentimita chache kwa mwaka na kulipandisha joto hilo.

Mdadisi:
Ahsante sana. Ikiwa miamba hiyo ni yabisi, je, magma ya volkeno hutoka kwenye kiini?

Pimajoto:
La. Mwamba unapopanda, mgandamizo juu yake hupungua na kiwango chake cha kuyeyuka hushuka, hivyo sehemu yake ndogo huyeyuka pasipo kuongezewa joto lolote. Pale bamba (kipande kikubwa cha tabaka gumu la nje la dunia) la sakafu ya bahari linapozama chini ya jingine, maji yanayotoka ndani yake ndiyo hushusha kiwango hicho.